Siku Nne za Mwanga Usio na Kibali

Ilikuwako nchi moja, na ingaliko, ila jina lake sitalitaja kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali na mtoa vibali yuko semina. Ni nchi njema sana. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti tisa, na ina Wizara ya Mwanga yenye ghorofa kumi na nne, ambazo watumishi wake huzipanda kwa miguu kwa kuwa lifti zinasubiri umeme. Wananchi wake ni wasikivu. Umeme ukikatika husema, "Afadhali leo umekatika mapema, tumejua moja," kisha wanatafuta kiberiti.

Juu milimani katika nchi hiyo, penye maporomoko ya Kwemkole, kulikuwa na kituo kidogo cha umeme wa maji, na ndani ya kituo alikuwamo mwanamke mmoja, Mboni Shemhilu, mwenye umri wa miaka hamsini na minne. Zamani walikuwa wafanyakazi saba. Lakini Wizara ilikuwa na namna yake ya kuwapongeza wachapakazi: kituo kikimaliza mwaka bila hitilafu, kinapunguziwa mtu mmoja, maana imethibitika kwamba hakuwa na kazi. Kwemkole ilipongezwa mara sita. Wa mwisho kuondoka alikuwa fundi Kaniki, aliyemwachia Mboni sufuria, bao lenye kete pungufu na ushauri kwamba asizoee kuongea na mtambo.

Mboni alikuwa ameshazoea. Mwaka wa pili huo alikuwa peke yake na ule mtambo mmoja mkongwe, na mtambo ulikuwa msikilizaji mzuri. Sauti ya mtu aliyeijibu sauti yake ilikuwa moja tu, ya Zakayo Ndimbo, mwangalizi wa zamu katika Ukumbi wa Uongozi wa Gridi huko mji mkuu. Hawakuwahi kuonana. Kila saa Mboni aliinua simu ya kituo na kutaja namba iliyokuwa kwenye kipimo kikubwa cha ukutani. Namba hiyo ilionyesha kasi ya umeme. Hamsini maana yake nchi ni nzima. Ikishuka, maana yake mzigo umeishinda mitambo, na mitambo ikichoka huzimika mmoja baada ya mwingine.

"Hamsini," Mboni alisema.

"Nimepokea hamsini," Zakayo alijibu, akakata.

Kabla ya kupiga, Mboni alikohoa kidogo ili sauti isitoke na kutu. Siku moja alijipa moyo akasema, "Hamsini, na huku kuna ukungu mzito." Zakayo akamjibu kwa upole kwamba daftari halina safu ya ukungu. Mboni hakukasirika. Alijua ni kweli, daftari halikuwa na safu hiyo.

*

Mambo yaliharibika Siku ya Mwanga, sikukuu kuu ya taifa. Mwaka huo walialikwa wageni kutoka nchi jirani, na Waziri wa Mwanga akaamuru kila taa nchini iwashwe saa nne asubuhi, jua likiwaka, ili wageni wazihesabu. Usiku, alifafanua, wangeweza kuchanganya taa na nyota na kutupunguzia takwimu.

Saa nne kamili nchi ikawasha. Taa za barabarani, taa za viwanja, taa za krismasi ambazo hazikuwahi kushushwa. Mboni aliiona namba ikiondoka hamsini. Arobaini na tisa. Arobaini na nane na nusu. Akaukumbuka Waraka Namba Saba, unaosema kwamba kituo chochote kinachotaka kujitoa kwenye gridi kiombe kwa barua, nakala tatu, siku ishirini na moja kabla ya dharura. Akaitazama kalamu. Namba ikasomeka arobaini na saba na nusu, mtambo ukaanza kuguna, na Mboni akavuta mkono wa swichi kubwa iliyokiunganisha kituo chake na taifa.

Nyuma yake nchi nzima ikazimika. Bwawa Kuu, linalobeba theluthi mbili za umeme wa taifa, likasimama. Vituo vingine vikafuata kwa adabu. Mtambo wa Kwemkole peke yake ukabaki ukizunguka, ukiulisha mji mmoja mdogo bondeni.

Simu ikalia. Ilikuwa mara ya kwanza simu hiyo kulia. Siku zote aliyepiga ni yeye.

"Dada Mboni," Zakayo alisema, na Mboni akashtuka kusikia jina lake. "Huku kumekufa kila kitu. Nimewasha mshumaa. Wewe unasomaje?"

"Hamsini kasoro kidogo."

"Rudia."

"Hamsini kasoro kidogo, kaka. Nimejitoa. Nimebaki na mji wangu."

"Kwa kibali cha nani?"

"Kibali kingefika, mimi nimeshazimika."

Zakayo alivuta pumzi ndefu. "Sikiliza, dada. Nchi hii yote haina cheche nyingine. Usiiachie."

Hapa yafaa nieleze jambo, maana wengi hudhani kituo cha umeme hakiwezi kukosa umeme. Ni sawa na kudhani mwuza maji haoni kiu. Bwawa Kuu lina pampu, milango ya chuma na sumaku kubwa, na vyote hivyo vinataka umeme kwanza ndipo bwawa litoe umeme wake. Kwa ajili hiyo liliwekewa jenereta, lakini jenereta ilikuwa imeazimwa kwenye harusi, na harusi ilikuwa ya mwaka juzi. Basi ilibidi mtu alipelekee cheche kwa njia ya waya, kidogo kidogo, liamke, kisha nalo liwaamshe wengine. Mtu huyo alikuwa Mboni. Na mtambo wake ukisimama, haukuwa na namna ya kuanza tena, kwa kuwa betri za kuuanzisha zilikuwa mjini zikiendesha vipaza sauti vya Siku ya Mwanga.

*

Kushika cheche si kazi ya maneno. Mtambo ulikuwa na kidhibiti cha mwendo, ambacho huongeza maji mzigo ukiongezeka na kuyapunguza ukipungua, lakini kiliharibika miaka minane nyuma. Maombi ya kipya yalirudishwa na Wizara kwa kuwa yaliandikwa kwa wino wa kijani. Wakati kituo kiko kwenye gridi haikuwa tatizo, maana mitambo mikubwa iliuvuta huo mdogo ukaenda nao. Sasa ulikuwa peke yake, na kilichobaki ni gurudumu la chuma la kufungulia maji na mkono wa Mboni juu yake.

Siku ya kwanza ilimtoa jasho. Siku ya pili alianza kuujua mji. Aliishi juu yake miaka kumi na tisa bila kuufahamu, kwani alishuka mara mbili kwa mwezi kununua unga na kupanda tena. Sasa aliusikia kwa kiganja. Saa tatu asubuhi mashine ya kusaga ilipoanza, gurudumu lilizama na yeye akaongeza maji. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa mtu wa papara, anagusa, anaacha, anagusa, mpaka Mboni akamsema kwa sauti, "We baba, tulia basi!" Hospitalini walichemsha vyombo saa mbili na saa nane. Watu walipolala mzigo ulitulia, naye akaufunga mkono wake kwenye gurudumu kwa kanga na kusinzia hapo hapo kwenye kigoda. Gurudumu likitetema, anaamka.

Mchana sauti za mji zilimfikia kwa mbali. Watu walikuwa wakija kutoka wilaya za giza kuchaji simu, kusaga na kunyoa, na bondeni kukawa na shamrashamra za gulio. Hakuna aliyepanda mlima. Si kwa ubaya, wala hakuna aliyefikiri kwamba huko juu kuna mtu. Waliamini umeme unatoka kwenye nguzo.

Mboni alifurahi, na furaha yenyewe ikamuuma. Alitamani mmoja tu apande, hata kama ni wa kuuliza njia.

*

Huko mji mkuu Serikali haikulala. Redio ya betri ya Mboni ilimletea hotuba ya Waziri: "Ndugu wananchi, giza hili si giza kama magiza mliyoyazoea. Ni giza la mpito. Ni giza lililopangwa kwa viwango. Nawaomba mlitumie vizuri." Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Kurejesha Nuru, wajumbe thelathini na mmoja, na kwa siku mbili mfululizo Kamati ikajadili ajenda moja: nani aanze kuwashiwa.

Jambo hilo si dogo katika nchi hiyo. Hata maji ya kunawa kwenye msiba hupita kwa vyeo, na mwenye cheo cha chini akinawa mapema, shughuli inaanza upya. Basi orodha ikapangwa. Ya kwanza Ikulu. Ya pili nyumba za mawaziri. Ya tatu chumba cha wageni mashuhuri cha uwanja wa ndege, ya nne sanamu. Bwawa Kuu lilipata nafasi ya mia moja na kumi na mbili, kwa kuwa meneja wake alikuwa ngazi moja chini ya meneja wa bustani za taifa.

Siku ya tatu saa tano asubuhi Mboni alisikia viatu nje. Moyo ukamruka. Mlango ukafunguliwa, wakaingia wanaume watatu wenye suti na vumbi, wakitanguliwa na Bwana Pantaleo Kigosi, Katibu wa Itifaki ya Mwanga.

"Hodi hamkupiga, lakini karibuni, karibuni sana," Mboni alisema, akicheka ovyo kwa furaha. "Samahani siwezi kusimama. Vikombe viko rafuni, chai iko kwenye chupa. Nimekuwa na vikombe saba bila watu."

"Mama," Bwana Kigosi alisema, "tumekuja kikazi. Soketi iko wapi?"

Aliwaonyesha. Wakachomeka simu tatu, wakaketi, wakanywa chai. Chai ikiisha Bwana Kigosi akatoa karatasi na kusoma kwa sauti ya kanisani: "Imebainika kwamba mji wa Kwemkole umekuwa ukitumia mwanga kwa siku tatu ilhali Ikulu haijatajwa rasmi kuwa na mwanga. Hospitali ya mji huo imekutwa na watoto wachanga watatu ndani ya masanduku ya joto, yakiwa yamewashwa bila aibu."

"Watoto watatu?" Mboni aliuliza.

"Watatu. Tumewaona kwa macho yetu."

Mboni akalitazama gurudumu. Hakuwa akijua. Tangu hapo mkono ukawa mzito zaidi.

"Hata hivyo," Bwana Kigosi aliendelea, "Serikali ni mzazi. Umesamehewa kwa sharti. Kesho Ijumaa mchana Mtukufu Mkuu wa Nchi atabonyeza kitufe katika viwanja vya Ikulu, na umeme wako utakwenda Ikulu. Kisha orodha itafuatwa."

"Mheshimiwa, Ikulu kuna viyoyozi mia sita. Mtambo wangu huu ukitwishwa huo mzigo, unakufa papo hapo. Ukifa, umekufa, sina betri. Nipeleke cheche Bwawa Kuu kwanza. Bwawa likiamka, Ikulu mtaiwasha mpaka mchoke."

"Bwawa Kuu ni la mia moja na kumi na mbili."

"Lakini ndilo lenye umeme!"

"Mama, cheo hakitafutwi kwa umeme." Akasimama na kuitazama simu yake. "Hii imefika mia. Zenu je?"

"Sitini na nne, Mheshimiwa," mmoja alijibu.

Wakakaa tena. Mboni aliwaambia wangojee ugali, kuna maharage yameshachemka, ni kuunga tu, kama mmoja wao angemsaidia kukata kitunguu. Walimwambia wana ratiba. Simu ya mwisho ilipofika mia moja waliondoka, wakaacha karatasi mezani na vikombe vitatu vyenye machicha ya chai, na Mboni akavitazama vikombe vile jioni yote.

*

Asubuhi ya siku ya nne alipiga simu.

"Hamsini," alisema. "Kaka, wewe ndiye utakayeunganisha swichi ya kwenda Ikulu?"

"Ni mimi," Zakayo alijibu. Sauti yake ilikuwa imechujuka. "Nimewaeleza mpaka koo limekauka. Wanasema orodha imeshasainiwa. Nina watoto wanne, dada."

"Na mimi huku nina watatu."

Zakayo hakuelewa, Mboni akamwelezea habari za masanduku ya joto.

"Ikulu wana jenereta?" Mboni aliuliza.

"Tatu. Zinaunguruma usiku na mchana tangu nianze kazi. Hawajawahi kuliona hilo giza."

"Sasa ukiwapelekea umeme, watajuaje kwamba umefika?"

"Hawatajua," Zakayo alijibu.

"Na usipowapelekea," Mboni aliendelea, "watajuaje kwamba haukufika?"

Zakayo akacheka. Alicheka kwa pumzi fupi fupi kama mtu anayepanda ngazi, na Mboni akaishikilia simu kwa bega, macho yamemlowa. Miaka yote hiyo hakujua kwamba mtu huyu ana kicheko.

Wakapanga. Zakayo aliwapigia watu wa Bwawa Kuu wakae tayari. Swichi zote zilizoning'inia kwenye waya wa kati ya Kwemkole na Bwawa zikatenganishwa, usije ukaiba cheche mji mwingine njiani. Saa ilichaguliwa na Mboni. Ijumaa, alisema, saa saba kasorobo mashine ya kusaga inasimama watu waende msikitini, na yule baba wa kuchomelea naye huweka chini. Hapo nitakuwa na nafasi ya kuwabeba.

Saa sita na nusu redio ilianza kutangaza sherehe. Mtukufu alikuwa amesimama mbele ya kitufe chekundu, kilichofungwa utepe na kisichounganishwa na kitu. Waziri alikuwa akisema kwamba historia itasimama na kupiga saluti. Saa saba kasoro dakika kumi na tano Mboni alilisikia gurudumu likiinuka. Mashine ya kusaga imenyamaza. Baada ya pumzi kadhaa fundi naye akaacha.

"Sasa, kaka."

"Naunganisha."

Mzigo wa Bwawa Kuu ukaja wote kwa mpigo. Namba ikaanguka: arobaini na nane, arobaini na saba. Mtambo ukaguna kutoka chini ya sakafu. Mboni alilizungusha gurudumu kwa mikono miwili, miguu ameikita ukutani, akimwaga maji yote ambayo mto ulikuwa nayo. Arobaini na sita na nusu. Aliona masanduku matatu ambayo hakuwahi kuyaona. "Mama yangu wee, panda," aliuambia mtambo, "panda, usinitie aibu." Namba ikasimama. Ikatafakari. Ikaanza kupanda, arobaini na saba, nane, na kwenye simu iliyoning'inia kwenye uzi wake sauti ya Zakayo ikawa inapiga kelele: "Pampu zinazunguka! Wanafungua milango! Shikilia, dada, shikilia!"

Alishikilia kwa dakika kumi na tisa. Redioni Mtukufu akabonyeza kitufe. Taa za Ikulu, zilizokuwa zinawaka, zikaendelea kuwaka, na umati ukalipuka kwa vifijo. Mtangazaji alilia hewani. Hakuna aliyeuliza chochote. Dakika chache baadaye mtambo wa kwanza wa Bwawa Kuu ulifika mwendo, ukajipanga sambamba na ule wa Kwemkole, na watu wake wakaunganisha swichi.

Mboni alilihisi. Uzito wote uliokuwa kwenye kiganja chake kwa siku nne ukaondoka mara moja.

"Umeshikwa!" Zakayo alisema. "Bwawa limekushika, dada. Sasa linaamsha wengine. Hongera! Hongera sana, yaani... ngoja, nina laini ishirini zinaita."

"Kaka, ulivyocheka asubuhi..."

Simu ilikuwa imekatwa.

Mboni alilizungusha gurudumu robo kushoto. Namba haikutikisika. Akalizungusha robo kulia, hamsini, palepale. Alingoja. Swala iliisha, na kwa vyovyote mashine ya kusaga iliwashwa tena, kwa vyovyote yule baba alikuwa anagusa na kuacha, kwa vyovyote hospitalini saa nane vyombo viliwekwa jikoni. Kiganja hakikusikia kitu. Mji ulikuwa umerudi kwa wenyewe, umebebwa na mitambo mikubwa isiyoujua, na yeye hakuwa na njia tena ya kumfahamu mtu hata mmoja ndani yake.

Redioni walikuwa wakiwashukuru waliofanikisha. Walimshukuru Mtukufu, Waziri, Kamati, mshona utepe. Mboni aliizima. Akafungua fundo la kanga. Vidole vilikuwa vimejikunja kwenye chuma vikakataa kunyooka, akavifungua kimoja kimoja kwa mkono wa pili. Siku nne aliogopa jambo moja tu duniani, kuuondoa mkono huo.

Akauondoa. Mtambo ukaendelea kuunguruma. Mboni akakaa sakafuni akalia kwa sauti kubwa, kilio cha mtu aliyefiwa, na katika nchi nzima hakuna taa iliyopepesa.